Mtoto wa Miezi Minne ni wa Serikali Gani?

Wengi mliniomba maandishi ya yale niliyosema kwenye mazungumzo yetu ya Alhamisi usiku, manake mtandao uliwasumbua baadhi yenu na wengine mliingia tukiwa tumeshafika katikati. Haya hapa. Nimeyasafisha kidogo tu, mengine nimeyaacha vile yalivyotoka mdomoni. Sheria ya uzi wetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye majibu nitafuta, hata kama unamsifu.

Habari za jioni, wandugu. Nashukuru mmekuja wengi, na najua wengine bado mko kwenye matatu.

Leo nataka tuzungumzie ahadi moja ambayo mmeisikia na mtaisikia tena kabla ya Agosti 2027. Inasemwa hivi: "Tutajenga kituo cha kulelea watoto katika kila soko." Wakati mwingine ni kila wadi. Akina mama wanapiga vigelegele, mc anaongeza sauti ya muziki, na msafara unaondoka. Mimi sina shida na ahadi yenyewe. Ni ahadi nzuri, tena ni ya maana kuliko zile za viwanja vya ndege. Shida yangu ni kwamba hatujui kuihoji. Anayeahidi hasemi pesa zitatoka mfuko gani, nani atalipwa, na mtoto wa umri gani ataingia. Nasi hatuulizi.

Tuanze na umri, manake hapo ndipo mambo yanapojificha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Baba anapewa wiki mbili. Upande wa pili, elimu ya chekechea tunayoijua, PP1 na PP2, inaanza mtoto akiwa na miaka minne hivi. Sasa fanya hesabu. Kutoka mwisho wa mwezi wa tatu hadi mtoto afikishe miaka minne ni miaka mitatu na miezi tisa. Katika kipindi hicho chote, ukimuuliza mtu wa serikali mtoto huyo yuko wapi mchana, atakuangalia tu. Kliniki inamjua kwa sababu ya chanjo. Shule haimjui bado. Mwajiri wa mama yake hamtambui. Ndiyo maana swali langu la leo ni hilo: mtoto wa miezi minne ni wa serikali gani?

Tena hapo nimezungumza juu ya mama mwenye barua ya kazi. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi katika nchi hii wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mama anayefua nguo za watu Pipeline, anayeuza omena Gikomba, anayechoma mahindi kando ya barabara, hana hiyo miezi mitatu. Anarudi kazini siku pesa za unga zinapoisha. Ndiyo maana nikisikia mtu kwenye mdahalo akisema "waajiri ndio walipe", namuuliza: mwajiri wa mama fua ni nani? Ni nyumba nne tofauti kwa wiki, na moja kati ya hizo bado ina deni lake la mwezi jana. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea. Sheria nzuri. Lakini chumba cha kunyonyeshea kwenye ghorofa ya sita ya ofisi pale Upper Hill hakimfikii mwanamke anayefua ngazi za ghorofa hiyo hiyo kama kibarua cha siku.

Basi mtoto huyu anakaa na nani? Mnajua majibu, manake wengine wenu ndivyo mlivyolelewa. Nyanya, kama yuko mjini na ana nguvu. Dada yake mkubwa, ambaye Jumatatu anakosa shule, Jumatano anakosa tena, na mwalimu anaanza kusema huyu msichana ni mvivu. Mgongoni kwa mama, juani, kwenye moshi wa jiko. Au anafungiwa nyumbani na jirani anaombwa asikilize kama atalia. Mwaka baada ya mwaka tunasikia nyumba za mabati zikiungua zikiwa na watoto ndani, mlango ukiwa na kufuli nje. Watu wanaandika mtandaoni, "Huyu mama alikuwa wapi?" Alikuwa kazini. Jibu ni hilo tu.

Na kuna njia ya tano, ile ambayo ndiyo kubwa mtaani: deikea. Wengine mnaita bebi kea. Sisemi ile ya Kilimani yenye bembea na kamera. Nasema ile ya mama mmoja, chumba kimoja, mkeka, sufuria ya uji.

Mwaka jana nilikaa asubuhi nzima kwenye moja pale Mukuru. Mwenyewe hakutaka nimtaje, na sitamtaja. Nilihesabu watoto kumi na tisa. Yeye na binti mmoja wa kumsaidia. Anatoza shilingi mia kwa siku, lakini alinicheka nilipoandika hiyo mia. Akaniambia, "Andika mia kama mama amepata kazi. Kama hajapata, andika sifuri." Mvua ikinyesha hakuna nguo za kufua, na kama hakuna nguo za kufua hakuna mia. Lakini mtoto aliletwa saa kumi na mbili asubuhi kabla mama hajajua kama atapata kazi, kwa hiyo uji ameshakunywa. Huyu mama wa deikea ndiye anayekopesha mtaa mzima malezi, bila riba, na hakuna benki inayojua. Nilipomuuliza kama amewahi kuona mtu wa serikali, alisema ndiyo, mara mbili. Mara ya kwanza walikuja kuuliza leseni. Mara ya pili walikuja kuuliza leseni.

Nawaambia haya ili mjue jambo moja ambalo mabishano ya jukwaani hulificha. Watu husema ati serikali ikigharamia malezi itakuwa inaanzisha kitu kipya. Si kipya. Malezi ya kulipia yapo tayari, na wanaoyagharamia ni wanawake maskini wawili, mmoja kwa kulipa na mwingine kwa kutolipwa. Mjadala wa bajeti ni kama mzigo huo ubaki kwao wawili au ugawanywe.

Sasa, nani anapaswa kuugawanya? Hapa naomba mnisikilize vizuri, manake hapa ndipo tunapodanganywa kila uchaguzi.

Fungua Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, namba 9. Kazi za kaunti. Imeandikwa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na katika orodha hiyo hiyo, vituo vya kulelea watoto. Haikuachwa hewani. Serikali ya kitaifa ina kazi ya sera, mitaala na viwango, lakini kituo chenyewe, mlango na mkeka na anayeshika mtoto, ni kazi ya kaunti. Gavana hawezi kusema "hiyo ni ya Nairobi".

Na mbunge je? Sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneobunge ya 2015 inasema pesa zile zitumike kwa kazi za serikali ya kitaifa tu. Kwa hiyo mbunge akikuambia atajenga deikea kwa CDF, muulize kwa heshima, "Mheshimiwa, kwa sheria ipi?" Labda ana jibu. Labda ataenda kuzungumza na kaunti wafanye mkataba. Lakini muulize, na urekodi. Mwakilishi wa wadi ndiye anayekaa kwenye bunge linalopitisha bajeti ya kazi hii, na ndiye mtu ambaye hatumuulizi kabisa. Tunamuuliza taa za barabarani na mchango wa mazishi.

Kama kazi ni ya kaunti tangu 2013, mbona hatuoni? Si kweli kwamba hatuoni chochote. Kaunti zimejenga madarasa mengi ya chekechea. Ukisafiri utayaona, yamepakwa rangi, na kibao kikubwa chenye jina la mradi. Lakini ni ya watoto wa miaka minne na mitano. Halafu ukiingia ndani wakati mwingine unakuta mwalimu wa mkataba ambaye amekaa miezi bila mshahara, au hakuna mwalimu kabisa. Kwa nini kaunti hupenda kujenga kuliko kuajiri? Watu husema ni wizi wa zabuni. Wizi upo, sikatai, lakini hata gavana malaika angeshawishika kujenga, na sababu iko kwenye sheria ya fedha.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Sheria hizi ziliwekwa kwa nia njema, ili kaunti zisile pesa zote kwa mishahara. Lakini angalia zinavyofanya kazi kwenye malezi. Ukijenga chumba, hiyo ni maendeleo, unasifiwa. Ukimlipa mama anayeshika watoto ndani ya chumba hicho, hayo ni matumizi ya kawaida, na ukimwajiri anaingia kwenye ile asilimia 35 ambayo kaunti nyingi zimeshaipita. Kwa mtoto wa miezi minne, mikono inayomshika ni muhimu kuliko simiti. Kwa vitabu vya kaunti, simiti ndiyo maendeleo. Ndiyo maana tunapata kuta bila walezi. Wakati mwingine ukiona kituo kimefungwa kwa kufuli na nyasi zimeota, kabla ya kulaani uliza bajeti ya kukiendesha iliwekwa wapi. Mara nyingi haikuwekwa popote.

(Kuna aliyeandika wakati nikiongea kwamba nawatetea magavana. Siwatetei. Nawaambia mlango wanaotorokea uko wapi, ili muwangoje hapo.)

Tuje kwenye hoja ya upande mwingine, na naomba tusiidharau, manake wanaoisema ni wengi na si wajinga. Wanasema malezi ni kazi ya familia. Wanasema sisi tulilelewa na nyanya zetu na hatukudhurika, mbona leo tuwape serikali watoto wachanga. Kuna mzee mmoja huniandikia hapa mara kwa mara, mtu wa adabu sana, naye ana swali ambalo sijaona mwanasiasa akilijibu: kama serikali itamlipia mama wa mjini deikea, na nyanya wa Vihiga anayelea wajukuu watatu bure, yeye atalipwa na nani?

Mimi namkubalia sehemu moja. Mpango wowote unaolipa vituo tu unamwacha yule nyanya, na ni haki yake kulalamika. Lakini hoja ya kwamba familia itatosha inadhani kwamba familia bado iko karibu. Mama wa Mukuru mama yake yuko Kitui, na mama yake huyo bado analima, tena kwa kibarua. Nauli ya kumpeleka mtoto huko na kumrudisha akiugua inazidi mwezi wa deikea. Halafu kuna hili: wale wenye sauti kubwa kuhusu nyanya mara nyingi nyumbani kwao wana yaya anayelipwa. Wamenunua malezi sokoni, bila aibu yoyote, na sioni ubaya. Sema tu usimnyime mwenzako kwa jina la mila kitu ambacho wewe unacho kwa jina la mshahara.

Basi, je, pesa zikitolewa zinafanya kazi? Hapa tuna bahati, kwa sababu utafiti mmoja mzuri ulifanywa papa hapa Korogocho. Watafiti wa kituo cha APHRC chenye makao Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada, waliwachukua akina mama zaidi ya elfu moja wenye watoto wadogo. Baadhi wakapewa vocha ya kulipia deikea zilizoko mtaani, wengine hawakupewa, na nani apewe ikaamuliwa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 2019. Akina mama waliopewa vocha walikuwa na uwezekano wa kuwa na kazi kwa pointi 8.5 za asilimia zaidi ya wale wasiopewa. Walioolewa ndio walioongeza kazi zaidi. Wasio na waume jambo lao lilikuwa tofauti, na mimi ndilo lililonigusa: walipunguza saa za kazi bila kupoteza kipato. Walihamia kazi zenye saa za kueleweka. Kabla ya hapo walikuwa wakifanya kazi yoyote, saa yoyote, mradi inakubali mtoto mgongoni. Vocha iliwapa nafasi ya kuchagua.

Msibebe namba hiyo ya 8.5 kama biblia. Ni mtaa mmoja, ni kipindi kimoja. Lakini mtu akikwambia kwenye mdahalo ati wanawake maskini wakilipiwa deikea watalala, una kitu cha kumjibu.

Na ili tusiwe watu wa kuona upande mmoja: jimbo la Quebec, huko huko Kanada, lilianza 1997 kutoa malezi kwa dola 5 kwa siku kwa kila familia. Akina mama wengi waliingia kazini, hilo halibishaniwi. Lakini wachumi waliochunguza baadaye walikuta dalili kwamba tabia na afya ya baadhi ya watoto vilizorota, na wengi wakaeleza kwamba nafasi ziliongezwa haraka kuliko ubora. Sisi tukifanya vile vile, tukahesabu vichwa tu, tutakuwa na watoto thelathini kwenye chumba kimoja na mwanasiasa akipiga picha mlangoni. Pesa za serikali bila jicho la serikali ni hatari kwa mtoto asiyeweza kusema.

Lakini jicho gani? Nairobi ina sheria ya vituo vya kulelea watoto tangu 2017. Ipo kwenye karatasi. Mtaani, utekelezaji wake mwingi huja baada ya msiba. Mtoto anafariki deikea, kamera zinakuja, maafisa wanafunga vituo sita, wiki mbili baadaye watoto wa vituo hivyo sita wako kwenye kile cha saba ambacho kilikuwa na watu wengi tayari. Kufunga ni rahisi na hakugharimu kitu. Kutengeneza dirisha, kununua kizimamoto, kumfundisha mlezi jinsi ya kumwokoa mtoto aliyepaliwa na chakula, hayo yanagharimu, lakini siyo mabilioni. Ukiwauliza walezi wanahitaji nini, hawakuambii jengo. Wanakuambia maji, choo, maziwa, mtu wa pili wa kusaidia, na malipo yasiyotegemea mvua.

Kwa hiyo msimamo wangu, na hapa mnaweza kunipinga: ningekuwa na shilingi moja ya kaunti ya malezi, senti themanini ningeziweka kwa wanawake ambao tayari wanalea. Nisajili kituo kwanza, nikiboreshe, nimfundishe mlezi, ndipo nianze kuadhibu. Nimlipie mama maskini sehemu ya ada, moja kwa moja kwa simu ya kituo, kwa mtoto aliyehudhuria. Senti ishirini zilizobaki ndizo za kujenga, na nijenge pale ambapo hakuna kitu kabisa, kama sokoni, ambapo mama anaweza kuja kunyonyesha saa nne na kurudi kwenye meza yake.

Mtaniuliza, asilimia 35 ya mishahara je? Nchi hii imeshawahi kutafuta njia. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii takriban laki moja walizinduliwa kwa mpango wa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Si wafanyakazi wa kudumu, wana mafunzo, wana kifaa, wanajulikana nyumba kwa nyumba. Kama tumeweza kugawana gharama ya yule anayepita kumpima mtoto, hatushindwi kugawana ya yule anayekaa naye saa kumi na mbili. Tena wahudumu hao wanaweza kuwa ndio jicho la kwanza kwenye deikea, manake wanazijua zote.

Lakini msinishangilie bado. Mpango huo huo umetuonyesha mabaya yake. Malalamiko ya posho kuchelewa mmeyasikia wenyewe, na nyinyi mnajua kaunti husubiri pesa kutoka hazina kuu mpaka shingo zinauma. Mhudumu wa afya akicheleweshwa anaumia. Deikea ikicheleweshwa miezi mitatu, watoto hawanywi uji. Kwa hiyo mpango wa malezi ambao hauna akiba ya kulipa wakati hazina imechelewa, mimi siuamini, hata uwe na nembo nzuri namna gani. Kisha kuna suala la posho yenyewe. Kolombia ilianza katika miaka ya 1980 kuwalipa wanawake walee watoto wa majirani nyumbani kwao. Walipewa kitu kidogo, wakaitwa "mama wa jamii", wakasifiwa sana. Iliwachukua hadi 2014, baada ya migomo na kesi mahakamani, kupata mikataba ya kazi yenye kima cha chini cha mshahara. Sifa ni rahisi kuliko mshahara, na kwa kazi za wanawake serikali nyingi hulipa kwa sifa. Tukianza na posho, iandikwe kwenye sheria ya kaunti ni lini itakuwa mshahara.

Nimezungumza sana Nairobi na najua watu wa mbali mmeanza kuguna. Mna haki. Sehemu zilizoachwa nyuma siyo mabati ya mjini tu. Kwenye mashamba ya chai na ya maua siku inaanza kabla ya jua, na mtoto lazima awe na mahali kabla ya saa hiyo. Turkana na Marsabit familia inahama na mifugo, na jengo la deikea linabaki likitazama mchanga. Huko labda jibu ni mlezi anayehama na kijiji, na chakula kinachofika. Wengine huniambia tutumie ile Hazina ya Usawazishaji ya Kifungu cha 204, ile nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyobaguliwa. Isomeni. Imetaja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Malezi hayakutajwa kwa jina. Mnaweza kubishana kwamba orodha hiyo haijafungwa, na mimi ningependa kuona wakili akijaribu, lakini mwanasiasa asiwaahidi kama kwamba imeandikwa.

Mambo ya tarehe sasa, haraka, manake hapa ndipo ahadi hugeuka pesa au hufa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpango wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaogawa viwango kwa kila idara, ni kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe ni Aprili 30. Watu wengi hujitokeza kwenye ushiriki wa umma wa Mei, wanapiga kelele, wanaenda nyumbani. Mei umechelewa. Kama malezi ya watoto wa chini ya miaka minne hayakuwa kwenye mpango wa Septemba wala kwenye viwango vya Februari, mwezi wa Mei unaomba chumba kwenye nyumba ambayo paa limeshawekwa. Na mkisoma makadirio, msitafute neno "malezi" kwenye jalada. Tafuteni mstari wa kuendesha vituo, siyo wa kuvijenga, na muone una shilingi ngapi. Ukiwa sifuri, mmejua.

Hapo ndipo nilipomalizia kuongea. Maswali yalikuwa mengi, nitayajibu polepole kwenye majibu hapa chini, lakini moja naliweka hapa kwa sababu liliulizwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa dada mmoja kutoka Kisumu: pesa zikiwa kidogo, nani aanze, mama aliye na kazi tayari au asiye na kazi?

Nilimjibu kwamba serikali nyingi zingesema aliye na kazi, kwa sababu ana karatasi ya kuonyesha. Mimi ningeanza na yule anayetafuta. Mama anayeketi asubuhi kando ya barabara pamoja na wenzake wakingoja kuitwa kufua, yule mwenye mtoto mgongoni ndiye anayeitwa mwisho. Ukimwambia alete kwanza ushahidi wa ajira ndipo alipiwe deikea, umemwambia apate kazi kwanza ndipo apewe kile kinachomzuia kuipata. Yule dada akasema pale kwao wanawake hao hukaa karibu na kituo cha basi, na kwamba angeweza kuwahesabu kesho yake asubuhi. Nikamwambia awahesabu, aandike na umri wa watoto. Ameniletea karatasi jana. Niliomba ruhusa yake niipeleke kwa karani wa bunge la kaunti kama waraka wa maoni, na amekubali.